Nyumba nimeitangaza mil 160, mteja kaweka 115 keshi. Nichukue au nisubiri?

"Habari za kazi kaka. Nina nyumba Mbezi ya Kimara, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, dining, jiko na stoo, fensi na geti, umeme upo na maji ya Dawasa yapo. Kiwanja ni skwea mita 600, kimepimwa ila hati sijafuatilia, nina mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa. Tulianza kujenga 2013 tukahamia 2017, ukijumlisha na kiwanja zilienda kama mil 110. Nimehamishiwa Dodoma kikazi, huku nimepanga, nyumba iko tupu tangu mwaka jana na namlipa kijana wa kulinda laki na nusu kwa mwezi. Niliitangaza mil 160, ni miezi saba sasa. Wengi wamekuja kuangalia lakini aliyeweka ofa ni mmoja tu, mil 115 keshi. Dalali ananisukuma nichukue, anasema huyu akiondoka nitajuta. Kaka yangu anasema huo ni wizi kwa sababu jirani aliuza 170 mwaka juzi. Mume wangu ameniachia niamue mwenyewe. Nina mkopo wa mshahara umebaki mil 18 na nataka ninunue kiwanja huku nianze kujenga. Usiku silali nawaza. Nichukue au nisubiri?"

Dada yangu, pole. Nimesoma swali lako zaidi ya mara moja na naona una hofu mbili zinakuvuta huku na huku, moja ni kuuza jasho lako kwa bei ya kutupa, nyingine ni kumpoteza mteja pekee aliyeonyesha hela halafu ukae na nyumba tupu mwaka mwingine mzima. Zote mbili ni za kweli wala hakuna ya kuonea aibu. Nianze na jibu kabisa ili usome yanayofuata ukiwa umetulia: 115 kama ilivyo usiikubali bado, ila huyo mteja usimfukuze, na ile 160 itoe kichwani kuanzia leo.

Najua hilo la mwisho linauma. Lakini jiulize 160 ilitoka wapi. Mara nyingi mtu akitaka kuuza anachukua alichosikia jirani kauza, anapunguza kidogo, au anapiga gharama alizojengea anaongeza na faida, basi hapo bei imezaliwa. Hiyo ni bei ya kutangaza, soko halijaisaini. Ukiipima ofa kwa 160 utaona umepunjwa mil 45, yani asilimia 28, na hapo lazima damu ichemke. Ila kama thamani halisi ya nyumba yako leo, ikiwa hivyo ilivyo bila hati, ni mil 128 tuseme, basi huyo mtu yuko chini kwa asilimia 10 tu, na asilimia 10 ni mahali pa kawaida kabisa pa mnunuzi mwenye keshi kuanzia mazungumzo. Ofa ni ile ile moja, kilichobadilika ni unachoipimia.

Sasa hiyo mil 110 mliyojengea. Naiheshimu sana, najua maana yake, ni vikoba na mishahara ya miaka minne na matofali yaliyonunuliwa mia mia. Ila mnunuzi haulizi wewe ulitumia ngapi, anauliza vitu viwili tu: nyumba kama hii maeneo haya zinauzwa ngapi, na mimi nikinunua kiwanja nikajenga mwenyewe leo itanigharimu ngapi na itachukua muda gani. Hilo la pili ndiko nguvu yako iliko, kwa sababu saruji na nondo za leo si za 2013 na kiwanja cha Mbezi cha leo si cha 2013, ila na yeye atakata uchakavu, na nyumba tupu inachakaa haraka kuliko yenye watu. Nimekaa kwenye ukaguzi mwingi wa nyumba za namna hii. Mnunuzi makini anakuja na fundi wake, wanaingia kimya, fundi anaangalia kwanza dari kona za juu karibu na dirisha kama gypsum ina madoa ya njano ya maji, anafungua koki jikoni anaona inakohoa hewa tupu maana maji hayajatumika muda mrefu, anagongagonga plasta chini ukutani upande wa choo, anatoka nje anaangalia maji ya mvua yanaelekea wapi. Kila alichokiona kinageuka namba kwenye kichwa cha yule mnunuzi, na kwa kawaida anaikadiria juu kuliko fundi atakavyolipwa. Kwahiyo ofa ya 115 ina ujumbe ndani yake. Muulize amefikaje hapo. Akikwambia "rangi, dari ya masta, na hati hamna" umepata orodha ya kufanyia kazi bure.

La jirani na 170 yake kaka yako hakosei kulileta, nyumba ya jirani iliyouzwa ndio kipimo kikubwa hata sisi wathamini tunachotumia. Shida ni kwamba inabidi ujue iliuzwa ngapi kweli, maana kuna bei iliyotangazwa, kuna bei mwenye nyumba anayoisema kwa watu, na kuna iliyoingia akaunti, na hizo tatu ni nadra kufanana. Na ujue ilikuwa na nini. Ilikuwa na hati? Kiwanja ukubwa gani, gari linafika mpaka getini masika? Ilikuwa na fremu mbele? Jirani mwenye hati na skwea mita 900 aliyeko kwenye barabara ya mtaa ni mali nyingine hata kama mnagawana ukuta. Mtafute jirani mwenyewe kama mnaelewana, au aliyenunua, uliza vizuri, ukipata nyumba tatu zilizouzwa kweli ndani ya mwaka mmoja hapo mtaani utakuwa unajua soko kuliko dalali wako.

Tukija kwa madalali, kuna kitu nahisi kimekuumiza kwa miezi saba na hukijui. Dar nyumba ikishatoka kwa dalali mmoja inazunguka, anampa mwenzake, mwenzake anairusha kwenye group la WhatsApp, mwingine anaipandisha Instagram, na kila mmoja anaweka cha juu chake. Ukitafuta vizuri unaweza kukuta nyumba yako hiyo hiyo, picha zile zile za sebule na pazia lile lile, kwa huyu ni 165, kwa yule 175, kwa mwingine 185 "maongezi yapo". Mnunuzi mwenye hela anaziona zote. Anachojiambia ni kwamba hapa hakuna bei, mwenye nyumba anahangaika, ngoja nipige chini nione. Na nyumba ikikaa sokoni muda mrefu watu wanaanza kuuliza ina nini, kuna kesi, kuna mirathi, au mafuriko. Hivyo miezi saba na ofa moja tu haimaanishi nyumba yako ni mbaya, inamaanisha bei iliyokuwa inaonekana huko nje iliwafukuza watu ambao wangeweza kufika 130.

Cha juu kinaweza kukaa upande wa pili pia. Inatokea mnunuzi amesema 125, dalali anakwambia wewe ni 115, akitegemea ile kumi iwe yake pembeni. Sisemi wako amefanya hivyo, simjui. Nasema usikubali wala kukataa ofa yoyote ambayo hujaisikia kwa mdomo wa mnunuzi mwenyewe. Omba mkutane, ukishindwa kusafiri pigeni simu ya video nyie wawili dalali akiwepo. Dalali mwaminifu hatapinga.

Na hata akiwa mwaminifu kabisa, haraka yake si haraka yako. Piga hesabu: kwa komisheni ya asilimia 5 akiuza 115 anapata mil 5.75, akiuza 130 anapata 6.5. Yani akuhangaikie miezi mingine mitatu kwa laki saba na nusu ambayo hana uhakika nayo, wakati wewe tofauti ni mil 15. Ningekuwa nafasi yake na mimi ningekusukuma. Kwahiyo ushauri wake msikilize kama habari za soko, uamuzi usimpe.

Nataka tukae kidogo kwenye hati, maana naamini ndiko hela yako nyingi ilikolala. Kiwanja kimepimwa, nusu ya safari umeshaimaliza, halafu ukaacha. Nyumba isiyo na hati inauzwa kwa keshi tu, kwa sababu benki haiwezi kumkopesha mnunuzi nyumba isiyowekeka rehani. Umeshawaondoa wafanyakazi wote wenye mshahara mzuri wanaotaka mkopo wa nyumba, umewaondoa Watanzania wengi walioko nje ambao wamesikia visa vya kutosha na hawatumi hela kwenye mkataba wa serikali ya mtaa. Unabaki na kundi dogo la wenye keshi, na mwenye keshi anajua yuko peke yake, ndio maana anapiga 115 akiwa ametulia.

Halafu uko Mbezi. Watu hawajasahau 2017, bomoabomoa ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, ile ya mita 121 na nusu kila upande kutoka katikati ya barabara, nyumba zenye miaka mingi zilikwenda. Mnunuzi yeyote wa ukanda huo atakuuliza uko umbali gani kutoka barabarani, na jibu la "mbali tu" halimtoshi. Ramani ya upimaji iliyoidhinishwa yenye namba ya kiwanja inamjibu, hati inamjibu zaidi. Kama nyumba yako iko ndani kabisa huko na hifadhi haikuhusu, basi hofu hiyo unailipia bure kwa kukosa karatasi tu.

Nenda au mtume mtu ofisi ya ardhi manispaa ya Ubungo na namba ya kiwanja, uulize mambo mawili: ramani imeidhinishwa na jina gani liko kwenye kumbukumbu. Kumbuka eneo hilo lilikuwa chini ya Kinondoni kabla Ubungo haijakatwa kuwa manispaa, kwahiyo kama mlipima mapema hakikisha faili lilihamia na halina kasoro. Ukipata ankara ya gharama za umilikishaji, hata hiyo yenyewe ukiwa nayo mkononi inabadilisha mazungumzo na mnunuzi, maana anaona kinachobaki ni malipo na muda, siyo giza.

Sasa tuje kwenye kusubiri, ambako watu wengi wanajidanganya kwamba ni bure. Mil 115 zikiwa mkononi zingeweza kukaa hata kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT kama ule wa Ukwasi, ambao umekuwa ukitoa karibu asilimia 12 kwa mwaka, hiyo ni mil 13.8, kwa mwezi ni mil 1.15. Ongeza laki na nusu ya kijana wa ulinzi unafika mil 1.3. Hiyo ndio bei ya kila mwezi unaokaa na nyumba tupu, na sijaweka kodi unayolipa Dodoma, sijaweka ule mkopo wako wa mshahara ambao riba yake kama ni ya kawaida ya mabenki yetu inacheza kwenye 15, sijaweka kwamba kiwanja unachokitaka huko Dodoma nacho kinapanda maana watumishi wanaohamia ni wengi. Miezi sita ni mil 7.8. Maana yake anayekuja baada ya miezi sita akikupa 123 hujapata chochote zaidi ya huyu wa leo, mmelingana. Anayekuja baada ya mwaka inabidi alete karibu 131.

Hapo utasema basi nichukue. Subiri kwanza. Hesabu hiyo ni ya nyumba tupu. Ukiipangisha, kwa maelezo uliyotoa naona laki nne na nusu inawezekana, ukitoa kodi ya pango ya asilimia 10 unabaki na laki nne na elfu tano, mlinzi humlipi tena, gharama ya kusubiri inashuka kutoka mil 1.3 mpaka kama laki saba na nusu kwa mwezi. Mwaka mzima ni kama mil 9, kwahiyo ukiuza 124 baada ya mwaka mmelingana na leo, na ndani ya mwaka huo hati unaifuatilia, na ikitoka unauza kwa soko kubwa zaidi. Huko ndiko kusubiri kunakolipa. Kusubiri nyumba ikiwa tupu, hati haifuatiliwi, picha zile zile zinazunguka na bei nne tofauti, huko ni kumwaga hela kila mwezi ukiwa umesimama. Mpangaji ukimweka andikianeni mkataba wenye kipengele kwamba nyumba iko sokoni na atapewa notisi ya miezi mitatu, usije ukauza ukaanza ugomvi wa kumtoa mtu.

Tuangalie kitakachoingia mkononi, maana watu wanagombana juu ya bei ya kutaja halafu wanashtuka mwishoni. Ukiuza 115, dalali 5.75. Kodi ya faida ya mauzo ya nyumba kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote, na nyumba uliyoimiliki na kuishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi inasamehewa kama faida haizidi mil 15. Wewe umeishi, na kama gharama zako ni 110 uko kwenye msamaha. Lakini unazo risiti? Asiye na kumbukumbu za gharama anahesabiwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali, ipi iko juu, kwako hiyo ni mil 3.45 kwa bei ya 115. Kwahiyo tafuta kila karatasi, mkataba wa kiwanja, risiti za hardware, mikataba ya mafundi, hata komisheni ya dalali ukiilipa kwa risiti inaingia kwenye gharama. Bila risiti, 115 inakuwa kama 105.8 mkononi, ukilipa mkopo unabaki na 87.8 ya kiwanja na kujenga. Hiyo 87.8 ndio namba unayotakiwa kuipeleka kwa fundi wako wa Dodoma leo umuulize inafika wapi. Kama inapaua nyumba na unaingia kuishi ukaacha kupanga, ofa ya chini imeshaanza kuonekana tofauti. Kama inakuacha kwenye lenta bila senti, umejua pia. Viwango vya kodi huwa vinaguswa kwenye bajeti kila Juni, kwahiyo kabla ya kusaini pita TRA wakuhesabie wenyewe. Na mtu asikushawishi muandike bei ya uongo kwenye mkataba ili kukwepa, thamani iliyoidhinishwa ikiwa juu ndiyo itakayotumika, na siku mkishtakiana mahakamani utadai kile kilichoandikwa.

Basi ningefanya hivi. Kwa maelezo yako tu, bila kuiona, naikadiria nyumba yako kati ya 120 na 135 bila hati. Usiishikilie kama maandiko, ndio maana nakuomba kabla ya kumjibu huyo mteja umlipe mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Wathamini aende aione. Atakupa thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka, hiyo ya pili inakuwa chini sana, mara nyingi kwa robo hivi, na itakusaidia kujua huyu mtu amekusogelea wapi. 115 ikiwa karibu na bei ya haraka wakati wewe huna dharura, unajua anajaribu bahati. Ikiwa imeshakaribia thamani ya soko, kaka yako itabidi alegee.

Halafu unamjibu mnunuzi, usikae kimya na usimjibu kwa hasira. Mwambie kwa heshima, "nashukuru kwa ofa, 115 sitaweza, nina tathmini hapa, nimefika 130 na kumbukumbu za upimaji ziko tayari." Toa namba moja, usitoe "130 ila maongezi yapo" maana umeshajishusha kabla hajafungua mdomo. Akija 120 wewe shuka 127. Kila ukishuka omba kitu: alipe ndani ya wiki mbili, au ushuru wa stempu na gharama za umilikishaji ziwe zake na iandikwe, au achukue nyumba kama ilivyo bila wewe kugusa dari wala rangi. Mimi ningesimama 122 au 123, ile ile namba ya miezi sita, kwa sababu chini ya hapo ni afadhali upangishe na ufuatilie hati, na juu ya hapo ni ngumu kusema ungepata zaidi bila kupoteza muda. Ila kama fundi wa Dodoma amekwambia hela inatosha na kodi ya kupanga inakunyonya, ukachukua 119 ya mtu anayelipa yote kwa mkupuo wiki hii, sitakuona mjinga.

Hapo kwenye kulipa ndipo uulize sana. Neno keshi limeshawaponza wengi. Keshi yote siku moja, au 60 leo na 55 "mwezi wa kumi na mbili nikiuza shamba"? Ofa ya 125 kwa awamu nne inaweza kuwa mbaya kuliko 118 ya mkupuo mmoja, maana ukishampa mtu funguo akaingia na familia yake, kumalizia hela kunageuka hisani yake. Kama ni awamu basi ziwe mbili, mkataba uandikwe na wakili, hela zipite benki, nyumba ikabidhiwe malipo ya mwisho yakishaingia, na mkataba wako halisi wa mauziano usitoke mkononi kwenda kwa mtu yeyote, dalali akitaka nakala mpe nakala.

Kabla ya yote hayo, kuna la mume wako. Amekuachia uamue na ni jambo la upendo, lakini kisheria halitoshi. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mwenza, na mnunuzi mwenye wakili atadai ridhaa ya maandishi iliyosainiwa mbele ya wakili. Isainiwe mapema. Nimeona mauzo mazuri yakikwama wiki nzima kwa sababu mwenza yuko safari Songea, na mnunuzi mwenye hela mkononi wiki nzima anaonyeshwa nyumba nyingine.

Kuna hali ambazo maelezo yangu haya hayatoshi na inabidi ukae na mtu uso kwa uso. Kama kiwanja kilikuwa na jina la mzazi au ndugu na mirathi haikufungwa, usijadili bei na mtu yeyote mpaka wakili amekwambia nani ana haki ya kuuza. Kama ule mkopo wako, hata kama unaitwa wa mshahara, uliwahi kuweka karatasi za nyumba benki, anza na benki. Na kama kwenye kumbukumbu za ardhi utakuta kiwanja chako kimegusa barabara au eneo la wazi, hapo hesabu zote za juu zinabadilika na 115 inaweza kuwa ofa nzuri sana, ila mnunuzi lazima aambiwe ukweli, ukimficha atakurudia mahakamani. Wakili mmoja na mthamini mmoja watakugharimu hela kidogo sana ukilinganisha na mil 8 au 10 tunazozungumzia hapa.

Madalali nao wapunguze. Andikiana na mmoja kwa miezi mitatu, bei moja, komisheni moja, na sharti kwamba hakuna cha juu, wengine waombe wafute matangazo. Piga picha mpya mchana, nyumba imefagiliwa na madirisha wazi, na kama huyu mteja ataondoka tangaza 138 ukijua unakwenda 125 hadi 130. Wiki sita za kwanza za tangazo jipya ndizo zitakazokuambia ukweli, zikipita bila ofa hata moja ya maana, punguza au weka mpangaji, usirudi tena kwenye miezi saba.

Anza na simu mbili kesho asubuhi, ya mthamini na ya huyo mnunuzi. Ya mnunuzi iwe ya kumwambia tu ofa yake umeipata, unaifanyia kazi, na siku kumi utampa jibu, mtu mwenye nia siku kumi anasubiri.